Asili i Wapi? Historia ya Mifululizo Miwili ya Fullmetal Alchemist na Suala la Kuunda Upya

1.0 Utangulizi

Kazi ya sanaa inapoundwa upya, aghalabu hadhira hugawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza huishika kazi ya awali kama mboni ya jicho na kuiona ile mpya kuwa ni uvamizi. Kambi ya pili huipokea kazi mpya kama masahihisho yaliyosubiriwa kwa muda mrefu, na kuiweka ile ya awali katika kundi la majaribio yaliyopitwa na wakati. Katika ulimwengu wa katuni za televisheni za Kijapani, ambazo sasa zinajulikana kila mahali kwa jina la anime, hakuna mfano unaoonyesha mgawanyiko huu kwa uwazi zaidi kuliko mifululizo miwili ya Fullmetal Alchemist: ule wa mwaka 2003 na ule wa mwaka 2009, ambao nje ya Japani uliongezewa jina la Brotherhood. Mifululizo yote miwili ilitengenezwa na studio moja, ikatokana na hadithi moja ya picha ya mwandishi mmoja, na ikaachana kwa muda usiotimia hata miaka sita.

Mwandishi wa makala haya ni mshabiki wa kazi hizi kwanza, na mhakiki wake baadaye. Tunalitaja jambo hili mapema kwa sababu hoja tutakayoijadili ilizaliwa katika mabishano ya mashabiki, wala haikuzaliwa katika kumbi za mihadhara. Mshabiki huuliza, "Ipi bora?" Mhakiki hana budi kuuliza swali linalotangulia hilo: tunaposema kwamba kazi fulani ni "ya asili" na nyingine ni "ya kuundwa upya," asili hiyo i wapi hasa? Makala haya yanadai kwamba kigezo cha uaminifu kwa matini chanzi, ambacho ndicho kinachotumiwa na wengi kuutukuza mfululizo wa 2009 na kuutupa ule wa 2003, hakitoshi. Yanadai pia kuwa tofauti kubwa ya kazi hizi mbili imo katika namna zinavyoigawa hatia ya vita na namna zinavyouelewa ulipaji wa deni. Hayo ni masuala ya maudhui, na yana uzito kwa yeyote anayefundisha fasihi.

2.0 Usuli wa Kihistoria

2.1 Desturi ya Kurudia

Kuunda upya si jambo geni katika anime. Mfululizo wa Osamu Tezuka, Tetsuwan Atomu, uliofungua njia kwa vipindi vya nusu saa vya kila wiki, ulianza kuonyeshwa tarehe 1 Januari 1963 na kufikia sehemu 193 ulipomalizika mwaka 1966. Ulitengenezwa upya kwa rangi mwaka 1980, kisha ukatengenezwa kwa mara ya tatu mwaka 2003, mwaka ambao katika hadithi yenyewe ndio mwaka wa kuzaliwa kwa Atomu. Baadaye desturi hii ilishika kasi. Hunter x Hunter ilionyeshwa mwaka 1999 na kuanzishwa upya mwaka 2011. Sailor Moon ya mwaka 1992 ilirudi mwaka 2014 kwa sura nyingine. Fruits Basket ya mwaka 2001, iliyokuwa na sehemu 26, ilisimuliwa tena hadi mwisho wake kati ya mwaka 2019 na 2021.

Katika mingi ya mifano hii sababu ya msingi ni moja. Mfululizo wa televisheni hutokana na manga ambayo bado inaendelea kuandikwa. (Neno manga hapa ni la Kijapani, lenye maana ya hadithi za picha zinazochapishwa katika majarida na vitabu, wala halihusiani na Manga ya Waswahili, yaani nchi za Uarabuni.) Televisheni hula hadithi kwa kasi kuliko mkono wa mchoraji, na mara hadithi hukatika njiani au hulazimika kubuniwa mwisho wake. Miaka kadhaa baadaye manga inapokomaa, studio hupata sababu, na soko, la kurudia kazi.

2.2 Kuzaliwa kwa Kazi Mbili

Hiromu Arakawa alianza kuchapisha Fullmetal Alchemist katika jarida la kila mwezi la Shōnen Gangan mwaka 2001 na kuikamilisha mwezi wa Juni 2010, ikiwa na sura 108 zilizokusanywa katika juzuu 27. Arakawa alizaliwa mwaka 1973 katika jamii ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido, na si ajabu kwamba hadithi yake inarejea tena na tena kwenye mwili, kazi ya mikono na mlolongo wa viumbe wanaokula na kuliwa.

Studio ya Bones, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilianza kuonyesha mfululizo wa kwanza tarehe 4 Oktoba 2003. Mwelekezi wake alikuwa Seiji Mizushima na mwandishi mkuu alikuwa Shō Aikawa. Wakati huo manga ilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Arakawa mwenyewe aliridhia kwamba mfululizo uwe na mwisho wake, ulio tofauti na ule aliokusudia kuuandika. Sehemu 51 zilikamilika tarehe 2 Oktoba 2004, na filamu iliyoendeleza mwisho huo ikafuata mwaka 2005. Mfululizo wa pili ulianza tarehe 5 Aprili 2009 chini ya mwelekezi Yasuhiro Irie na mwandishi Hiroshi Ōnogi, ukamalizika tarehe 4 Julai 2010 ukiwa na sehemu 64, wiki chache tu baada ya sura ya mwisho ya manga kuchapishwa. Romi Park na Rie Kugimiya, waliowapa sauti ndugu wawili wakuu katika mfululizo wa kwanza, walirudi katika ule wa pili. Muziki ulihama kutoka kwa Michiru Ōshima hadi kwa Akira Senju.

Tarehe hizi zina maana. Mfululizo wa 2003 ni usomaji wa matini isiyokamilika. Mfululizo wa 2009 ni usomaji wa matini iliyokuwa ikielekea ukingoni, ambayo mwisho wake ulikwisha kupangwa. Basi anayesema kuwa mfululizo wa kwanza "ulipotoka" anausomea shtaka la kuiacha njia ambayo bado ilikuwa haijachongwa.

3.0 Uaminifu na Kitendawili Chake

Kisa cha msingi ni kimoja katika kazi zote mbili. Edward na Alphonse Elric, watoto wa nchi ya kubuni iitwayo Amestris, wanajaribu kumfufua mama yao kwa alkemia, elimu ya kubadili maumbo ya vitu. Wanashindwa. Edward anapoteza mguu wa kushoto, kisha anautoa mkono wake wa kulia ili aifunge roho ya mdogo wake katika deraya tupu, kwa kuwa mwili wote wa Alphonse umechukuliwa. Alkemia yao inatawaliwa na kanuni ya mabadilishano sawa: hupati kitu pasi na kutoa kitu chenye thamani ile ile. Waswahili wangeiita sheria ya nipe nikupe. Ndugu hawa wanaanza kulitafuta jiwe la mwanafalsafa wakitumaini kwamba litawarudishia miili yao, na wanagundua kwamba jiwe hilo hutengenezwa kwa uhai wa watu.

Mashabiki wengi huurejelea mfululizo wa 2009 kuwa ndio ulio mwaminifu kwa manga. Kwa ujumla hilo ni kweli. Hata hivyo, tazama jinsi kila mfululizo unavyofunguliwa. Manga inaanzia katika mji wa Lior, ambako ndugu hawa wanamfichua kuhani anayewahadaa waumini. Mfululizo wa 2003, unaoitwa mpotovu, unaanzia pale pale. Mfululizo wa 2009, unaoitwa mwaminifu, unaanza kwa kisa ambacho hakimo kabisa katika manga, cha mwanaalkemia muasi anayetaka kuugandisha mji mkuu kwa barafu, na Lior inangoja hadi sehemu ya tatu.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu limo katika hadhira. Hans Robert Jauss, tangu mhadhara wake wa mwaka 1967, alitufundisha kwamba kila kazi hupokewa ndani ya upeo wa matarajio ambao hadhira inakuja nao. Mwaka 2009 upeo huo ulikuwa umeundwa na mfululizo wa 2003. Waandaaji walijua kwamba watazamaji wao wengi walikwisha kuiona Lior, wakachagua kuwaonyesha kwanza kitu wasichokijua. Hivyo kazi mpya, hata inapodai kurejea kwenye manga, inaandikwa juu ya kumbukumbu ya ile iliyotangulia. Haina mzazi mmoja. Ina wawili, na mmoja hutajwa hadharani ilhali wa pili hutajwa kwa kukwepwa.

Ushahidi zaidi umo katika mwendo wa simulizi. Nina, mtoto wa mwanaalkemia Shou Tucker, anageuzwa na babaye kuwa mnyama wa mchanganyiko ili baba huyo asipoteze leseni yake ya serikali. Mwaka 2003 ndugu wa Elric wanaishi katika nyumba ya Tucker wakijiandaa kwa mtihani, na msiba unatokea katika sehemu ya saba baada ya mtazamaji kuzoea kicheko cha mtoto yule. Mwaka 2009 tunamjua Nina na kumpoteza katika sehemu moja, ya nne. Vivyo hivyo Maes Hughes, afisa mcheshi anayemwonyesha kila mtu picha za binti yake, anauawa katika sehemu ya 25 ya mfululizo wa kwanza, takriban katikati ya safari. Katika ule wa pili anauawa katika sehemu ya kumi kati ya 64. Matukio ni yale yale, lakini uzito wake ni tofauti. Mfululizo wa pili unaweza kuharakisha kwa kuwa unakopa majonzi ambayo mtazamaji alikwisha kuyaweka akiba mwaka 2003. Mtazamaji wa leo anayeshauriwa aruke moja kwa moja hadi mwaka 2009 hana akiba hiyo, na anapewa muhtasari wa huzuni badala ya huzuni yenyewe.

Sisi tunaosomesha fasihi ya Kiswahili hatupaswi kushangazwa na hali hii. Masimulizi ya Fumo Liyongo yana sura tofauti huko Lamu, Pate na kwa Wapokomo wa Mto Tana, na hakuna anayeweza kuinua sura moja na kuapa kwamba ndiyo mama wa nyingine zote. Hata katika maandishi, mwaka 1963 Julius K. Nyerere alichapisha tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Julius Caezar, na mwaka 1969 akaitoa upya baada ya kuirekebisha, ikiitwa Juliasi Kaizari. Tafsiri ya pili haiifuti ya kwanza katika historia; mwanafunzi anayeziweka bega kwa bega ndiye anayeuona ukuaji wa lugha na wa mfasiri. Hilo ndilo tunalolitetea hapa.

4.0 Nani Aliwaua Madaktari?

Tofauti ya uaminifu ni ya juujuu ikilinganishwa na tofauti ya hatia. Nyuma ya kisa cha ndugu wa Elric kuna vita vya Ishval, ambavyo jeshi la Amestris lilivimaliza kwa kuwatuma wanaalkemia wake kuwaangamiza watu wa jangwani wenye dini na desturi zao. Katika vita hivyo mume na mke, madaktari wa ukoo wa Rockbell, walibaki kuwatibu majeruhi wa Ishval. Waliuawa, wakamwacha binti yao Winry, rafiki wa utotoni wa ndugu wa Elric na fundi wa viungo vya chuma anavyovitumia Edward. Nani aliwaua?

Katika mfululizo wa 2003 aliyewaua ni Roy Mustang, afisa kijana wa jeshi, kwa amri ya wakubwa wake, kwa kosa la kumtibu adui. Katika manga, na kwa hiyo katika mfululizo wa 2009, aliyewaua ni Scar, manusura wa Ishval, aliyezinduka kitandani akiwa amepoteza ndugu zake, akawaona watu wa kabila la wauaji wake mbele yake, na akili ikamruka.

Athari za uamuzi huu ni kubwa. Mwaka 2003 mauaji ya madaktari ni kazi ya dola. Yametolewa amri, yametekelezwa na mtu tunayempenda, na mtu huyo anaendelea kupanda vyeo akiwa nayo moyoni. Hakuna wazimu wa kumtetea, na mkono uliofyatua risasi ni ule ule unaowalea ndugu wa Elric jeshini. Mustang anapoamua mwishoni kumkabili mtawala wa nchi, King Bradley, anaiacha ndoto yake ya kuushika usukani wa nchi, na katika filamu ya 2005 tunamkuta akiwa askari wa cheo cha chini katika kituo cha mbali chenye theluji. Hiyo ni adhabu aliyojipa mwenyewe, kwa maana hapakuwa na mahakama ya kumpa nyingine.

Mwaka 2009 swali linabadilika. Muuaji ni mhanga. Winry anamnyoshea Scar bastola, Edward anamzuia, na baadaye huko kaskazini ni Winry huyo huyo anayelifunga jeraha la Scar, akisema wazi kwamba hajamsamehe, bali anafanya ambalo wazazi wake wangelifanya. Onyesho hili ni miongoni mwa maonyesho mazito kuliko yote katika kazi nzima, na mfululizo wa 2003 hauna kinacholingana nalo. Hata hivyo lina gharama yake. Katika simulizi ambalo dola imeangamiza taifa zima, yatima tunayemjua kwa karibu kuliko wote ni yatima wa mkono wa mwathiriwa. Mzigo wa kusamehe na wa kusamehewa unawaangukia Winry na Scar, ilhali wakubwa waliotoa amri wanabaki nyuma ya pazia.

Kwa haki, mfululizo wa 2009 hauwaachii askari wake wapite bila swali. Sehemu ya 30 inakwenda moja kwa moja Ishval. Riza Hawkeye na wenzake wanakiri waliyoyafanya, na Mustang anakubali kwamba nchi wanayotaka kuijenga itabidi siku moja iwahukumu wao wenyewe. Scar, ambaye anakufa Lior katika mfululizo wa kwanza, katika ule wa pili anaishi na kushiriki katika kuijenga upya Ishval pamoja na Miles, afisa mwenye damu ya Ishval. Hata hivyo, katika mfululizo huo imebainika pia kwamba nchi ya Amestris yenyewe iliasisiwa na kiumbe mmoja, Baba, na vita vyake vyote vilipangwa ili damu imwagike mahali alipopataka. Hatia ya wanadamu ipo, lakini mizizi yake imeshuka hadi kwa asiyekuwa mwanadamu.

Muktadha wa kihistoria unasaidia kuelewa mkazo wa kila kazi. Mfululizo wa kwanza ulianza zaidi ya miezi sita baada ya Marekani na washirika wake kuivamia Iraki mwezi wa Machi 2003. Mwezi wa Julai mwaka huo bunge la Japani lilipitisha sheria ya kupeleka wanajeshi wake huko, na mapema mwaka 2004, mfululizo ukiwa bado hewani, wanajeshi hao walifika Samawah. Hatudai kuwa Ishval ni Iraki. Tunachosema ni kwamba mtazamaji wa Jumamosi jioni aliyemwona afisa mwema akiua kwa amri katika nchi ya jangwani hakuhitaji kufasiriwa. Kwa upande mwingine, Arakawa ni mtoto wa Hokkaido, kisiwa ambacho serikali ya Meiji ilikipa jina hilo mwaka 1869 na kukijaza walowezi, huku Waainu wakipoteza ardhi na lugha. Bunge la Japani lilipitisha azimio la kuwatambua Waainu kama watu wa asili mwezi wa Juni 2008, chini ya mwaka mmoja kabla ya mfululizo wa pili kuanza. Swali la Arakawa, ambalo mfululizo wa 2009 umelibeba, ni la wazao wa walowezi na wazao wa walionyang'anywa: wataishije pamoja baadaye? Swali la Aikawa na Mizushima ni la askari wa leo: utafanya nini amri itakapotolewa? Maswali yote mawili ni halali, na jibu la moja haliwezi kulijibu la pili.

5.0 Mama Aliyerudi na Mama Asiyerudi

Tofauti ya pili ya kimaudhui inahusu homunkulusi, viumbe wanaofanana na binadamu na ambao hubeba majina ya dhambi saba. Katika mfululizo wa 2003 kila homunkulusi ni zao la jaribio la mtu la kumfufua mpendwa wake. Lust ana sura ya mwanamke aliyependwa na kaka yake Scar. Wrath ni mtoto wa Izumi, mwalimu wa ndugu wa Elric. Sloth ni yule ambaye Edward na Alphonse walimwumba usiku ule wa msiba, mwenye uso wa mama yao, akifanya kazi ya ukatibu katika ofisi ya mtawala. Edward analazimika kumwangamiza kwa mkono wake mwenyewe. Waswahili husema maji yakimwagika hayazoleki. Hapa waliotaka kuyazoa wanaona yakisimama na kuwatazama.

Mwaka 2009 homunkulusi wote ni vipande vya Baba, dhambi alizozitoa mwilini mwake. Hawana deni lolote kwa ndugu wa Elric. Aidha, katika sehemu ya 20 Edward anakifukua kile walichokizika usiku ule na kugundua kwamba hakikuwa mama yao hata kidogo. Ugunduzi huo unampa nafuu: hawakumwua mama yao mara ya pili, na mwili wa Alphonse huenda ukapatikana. Kwa mantiki ya msuko, hatua hii ni ya ustadi mkubwa, maana inaifanya tanzia ya mwanzo kuwa ufunguo wa tumaini la mwisho. Kwa mantiki ya maadili, inawapunguzia watoto hawa mzigo ambao mfululizo wa kwanza uliwatwisha hadi mwisho. Hapa wapenzi wa 2003 wana hoja yenye nguvu: tanzia yao haikutafutiwa mlango wa kutokea.

6.0 Nipe Nikupe na Mipaka Yake

Kanuni ya mabadilishano sawa ndiyo uti wa mgongo wa kazi zote mbili, na miisho yake miwili ni hukumu mbili juu ya kanuni hiyo.

Mfululizo wa 2003 unaikanusha. Dante, adui mkuu, anamkumbusha Edward kuwa wengi walijiandaa kwa mtihani wa wanaalkemia wa serikali na kujitahidi kama yeye, lakini wao hawakupita. Juhudi zao zilibadilishwa na nini? Kabla ya hapo Edward amekwisha kupita katika Lango na kujikuta London wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambako baba yake anamweleza kwamba nguvu ya alkemia ya Amestris hutokana na roho za wanaokufa katika dunia yetu. Yaani ile nipe nikupe ilikuwa na mtu wa tatu aliyekuwa akilipa bila kuulizwa. Mwishoni Alphonse anajitoa ili Edward aishi, Edward naye anajitoa ili Alphonse aupate mwili wake; Alphonse anaamka akiwa mtoto wa miaka kumi asiyekumbuka safari yao, na Edward anabaki Munich mwaka 1921, katika dunia isiyokuwa na alkemia. Ndugu hawa wametoa kila kitu, na walichokipata hakilingani na walichokitoa. Wanaendelea kutoa hata hivyo.

Mfululizo wa 2009 unaikamilisha kanuni. Edward anamkomboa Alphonse kwa kulitoa Lango lake mwenyewe, yaani uwezo wake wote wa alkemia, na hapo ndipo anapomshinda mlinzi wa Lango: kwa kuacha kile ambacho wote waliomtangulia walikikumbatia. Kisha Alphonse anapendekeza kanuni mpya, kwamba anayepokea kumi aongeze moja lake na kutoa kumi na moja. Kutoa ni moyo, wala si utajiri. Methali hiyo ya wazee wetu inaueleza mwisho huu vizuri kuliko istilahi yoyote ya nadharia.

Udhaifu wa kila upande hauna budi kutajwa. Kuhamia Ulaya kwa mfululizo wa kwanza kunaletwa kwa ghafla katika sehemu za mwisho, na filamu ya 2005, inayotuingiza katika Munich ya mwaka 1923 na jaribio la mapinduzi la Wanazi, inabeba historia nzito kuliko mabega yake. Mfululizo huo pia hauna Olivier Armstrong na ngome yake ya Briggs, wala wageni kutoka Xing, ambao wanaupa ule wa pili upana wa dunia na wanawake wenye mamlaka. Katika Lior ya 2003 Rose anarudi akiwa na mtoto na bila sauti, baada ya kutendwa na askari yale ambayo kipindi cha saa ya familia hakikuweza kuyataja wazi. Tukio hilo ni la ujasiri, lakini Rose mwenyewe hapewi nafasi ya kuwa zaidi ya jeraha lake. Mfululizo wa 2009, kwa upande wake, unamalizia karibu kila uzi kwa fundo zuri. Mtazamaji anayetoka Ishval ana haki ya kuuliza iwapo historia huwa na mafundo ya namna hiyo.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba asili, katika suala hili, haikai mahali pamoja. Manga ilitangulia kuchapishwa lakini ilichelewa kukamilika. Mfululizo wa kwanza ulitangulia kukamilika bila kungoja mwisho wa manga. Mfululizo wa pili uliirejea manga ukiwa umebeba kumbukumbu ya ule wa kwanza. Anayezipanga kazi hizi katika mstari mmoja, kutoka kwenye kosa hadi kwenye sahihisho, anapoteza nusu ya ushahidi.

Hatari iliyopo ni ya kweli. Mfululizo wa 2009 umeshika nafasi za juu kabisa katika orodha za mashabiki kwa miaka mingi, na mtazamaji mpya huambiwa aanze nao na aishie hapo. Mfululizo wa 2003 unaelekea kuwa kama miswada ile ambayo, baada ya mhariri kuchagua "nakala sahihi" na kuipiga chapa, hakuna tena aliyejishughulisha kuifungua. Wanafunzi wetu wa uzamili wanaotafiti masimulizi yenye matoleo mengi, yawe ya mdomo, ya maandishi au ya picha zinazotembea, wanajua hasara ya jambo hilo. Kwa mtazamaji anayeanza, pendekezo letu ni kuufuata mpangilio wa kihistoria: 2003 kwanza, ili aijue gharama ya amri na uzito wa mama aliyerudi, kisha 2009, ili aone Winry akilifunga jeraha la Scar huku akikumbuka kwamba katika simulizi nyingine bastola ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Akiisha kuziona zote mbili, lile swali la mshabiki, "Ipi bora?", atalijibu mwenyewe, na atakuwa na ushahidi wa kulijibia.